Waimbaji wa Garissa

Masomo: Zaburi 137 na 1 Mambo ya Nyakati 9:33

 

Zaburi tuliyoisoma ni ya watu waliotolewa kwao wakapelekwa mbali. Waliketi kando ya mito ya Babeli, wakatundika vinubi vyao mitini, wakaulizana jinsi gani mtu aweza kumwimbia Bwana akiwa ugenini. Leo twataka kulichukua swali hilo hadi kando ya mto mwingine, mto Tana, katika mji wa Garissa. Hatusemi kwamba Garissa ni Babeli. Wenyeji wake, ambao wengi ni Wasomali na Waislamu, hawakumteka mtu. Lakini Wakristo wengi walioimba mjini humo, tangu zamani hata sasa, ni watu walioletwa na barua ya uhamisho: walimu, wauguzi, askari polisi, makarani wa serikali. Kwao ni Kitui, ni Meru, ni Nyanza, ni Magharibi.

Huenda wengine wenu wakashangaa kwamba sisi Waprotestanti tunatumia kipindi hiki kueleza habari za kwaya na wahudumu wa Kanisa Katoliki. Twawaomba mvumilie kidogo. Mahali ambapo Wakristo ni wachache, ukuta wa kanisa moja na la pili si mnene kama ulivyo huku kwetu, na mbele tutaona kwamba hata adui hakuuhesabu.

Kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza nchi ile ilikuwa imefungwa. Iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mgeni hakuingia pasipo kibali. Kisha ukaja mwezi wa Desemba wa mwaka 1963, mwezi wa mambo makubwa. Tarehe 4, mjini Roma, maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipitisha hati yao juu ya ibada. Tarehe 12 Kenya ilipata uhuru. Tarehe 28 serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, kwa sababu Wasomali wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia. Vita vya shifta viliendelea mpaka 1967, lakini sheria za hatari zilikaa hata 1991. Kwa hiyo kanisa la huko lilikua chini ya bunduki, na mgeni aliyevuka daraja la Tana akitoka bara alijua kwamba anaingia mahali penye desturi na sheria zake.

Ile hati ya Roma ilibadili mambo kwa Wakatoliki wote. Kabla yake Misa ilisomwa kwa Kilatini. Waumini walisimama na kupiga magoti kwa wakati wake, wengi wakisali rozari, na kwaya ilikariri maneno ambayo waimbaji wenyewe hawakuyaelewa. Dalili za mabadiliko zilikuwapo: huko Kamina, Kongo, mwaka 1958, padre mmoja Mbelgiji, Guido Haazen, alikwisha kutoa Misa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa sauti na ngoma za Kikongo. Baada ya Mtaguso mlango ulifunguka wazi. Lugha ya watu iliingia kanisani, na ngoma na kayamba, ambazo wamisionari wengi walikuwa wamezifukuza kama vyombo vya kipagani, zikarudishwa kwa heshima mbele ya altare. (Na wa kwetu walizifukuza vilevile. Tusijifanye tumesahau.)

Pamoja na wimbo ilikuja kazi. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita alitangaza kwamba huduma za msomaji na mtumishi wa altare si hatua za kupanda kwenda upadre tu, bali mlei naye aweza kupewa. Mwaka 1973 aliruhusu walei wasaidie kugawa Komunyo palipo na haja. Wanawake walingoja sana: ni mwaka 2021 ndipo Papa Fransisko alipowafungulia rasmi huduma zile mbili za kwanza, ingawa kwa miaka mingi wao ndio waliokuwa wakisoma masomo katika parokia nyingi za Afrika. Mwaka huohuo alifanya ukatekista uwe huduma rasmi ya Kanisa. Makatekista wetu wa Afrika, waliokuwa wakitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji tangu siku za babu zetu, walipata cheti baada ya kazi kwisha kufanyika.

Sasa fikirini maana ya mambo hayo kwa Garissa. Mwaka 1976 Roma iliitenga sehemu ile iwe eneo la kanisa lenye mkuu wake, Leo White, wa shirika la Wakapuchini. Nchi ni pana mno, Wajir na Mandera ni mamia ya kilomita kutoka mjini, mapadre ni wachache, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Padre asipofika Jumapili, ni nani atafungua kanisa? Ni nani atasoma Neno? Ni mwalimu wa shule. Ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Ni koplo wa polisi mwenye sauti nene, ambaye huko kwao alikuwa akiimba besi.

Katika somo letu la pili twaambiwa kwamba waimbaji wa hekalu waliachiliwa kazi nyingine zote, maana kazi yao ya kuimba ilikuwa mchana na usiku. Waimbaji wa mahali kama Garissa hawakuachiliwa neno. Hawalipwi. Mazoezi hufanywa jioni, joto likipungua, baada ya kazi ya mshahara. Nao hawakulelewa pamoja. Mmoja amezoea mwendo wa wimbo wa Kikamba, mwingine wa Kiluo, wa tatu wa Kimeru; lugha ya wote ni Kiswahili, na hata Kiswahili hicho kila mtu ana namna yake. Kwaya ya kijijini ina mabibi wanaowakumbuka mama za waimbaji. Kwaya ya waliohamishwa haina mabibi. Kilichoandikwa katika daftari la mwalimu wa kwaya ndicho kinachobaki, na mwalimu wa kwaya mwenyewe aweza kuitwa wilaya nyingine, kwa kuwa barua ya uhamisho haiulizi kama Pasaka imekaribia. Wimbo wa sauti nne hubaki na sauti tatu mpaka mtu mwingine aletwe.

Twawasifu kwa jambo hili. Sisi twajivunia kwamba siku za Luther tuliwarudishia waumini wimbo waliokuwa wamenyang'anywa. Lakini katika sharika zetu nyingi siku hizi kwaya zimekuwa nyingi, zina sare na vipaza sauti, na washarika wameketi wakitazama. Yule koplo wa Garissa hana wa kumtazama, kwa maana asipoimba yeye, wimbo haupo.

Lakini kujitolea kwa walei hakukuwa kwa kuimba tu. Yupo mmoja ambaye utumishi wake haukuwa na kwaya, na hatuwezi kuzungumza habari za mkoa ule tukampita. Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria. Mwaka 1969 alikuja Kenya kufundisha shule, kisha akaenda Wajir. Hakuwa mtawa. Hakutumwa na shirika lolote, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba alifanya kazi bila mshahara na bila kujiwekea akiba ya uzee. Alikuwa Mkatoliki mlei, basi, aliyeishi kati ya Waislamu akiuguza wagonjwa wa kifua kikuu.

Ugonjwa huo ulikuwa na shida yake hasa kwa wafugaji wanaohamahama. Dawa za siku zile zilitakiwa mwaka mzima na zaidi. Mgonjwa alipoanza kupata nguvu, mifugo ilihitaji malisho, naye akaondoka na ugonjwa kifuani. Mwaka 1976 Annalena alianza mpango mwingine. Wagonjwa waliambiwa wajenge vibanda vyao, kama wajengavyo huko nyikani, karibu na kituo, wakae hapo muda wa miezi sita, na kila siku wameze dawa mbele ya macho ya mhudumu. Mahali hapo paliitwa TB Manyatta. Hapakuwa wodi ya kufungia watu, bali kijiji. Njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa anywe dawa mbele ya mhudumu ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani baadaye liliieneza katika nchi nyingi.

Tarehe 3 Februari 1984 Garissa ilifanywa jimbo kamili, na Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta, akateuliwa kuwa askofu wake wa kwanza. Siku saba baadaye, tarehe 10, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir. Waliwekwa juani siku kadhaa pasipo maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya 2013 ilisema waliokufa walikaribia 1,000, pengine zaidi. Annalena alitoka na magari kwenda kuokota majeruhi na kuzika maiti, na habari zikafika kwa mabalozi. Mwaka uliofuata ilimbidi aiache Kenya. Alikuwa amekaa huko miaka 15 hivi. Kwa maoni yetu jambo lile, kuokota miili ya watu wasio wa dini yake katika jua la Februari, lilikuwa ibada, ijapokuwa halikuwa na wimbo.

Sasa tufike mahali penye uchungu. Jumapili tarehe 1 Julai 2012, ibada ikiendelea, watu wenye silaha walishambulia makanisa mawili ya Garissa kwa wakati mmoja. Moja lilikuwa Kanisa Kuu la Wakatoliki, la Mama wa Faraja, ambako bomu la mkono lilitupwa na watu wakaumia. La pili lilikuwa la Africa Inland Church, la ndugu zetu, ambako waliouawa walizidi 15. Waliorusha mabomu hawakuuliza nani hubatiza watoto na nani hangoji mpaka wakue. Siku zilizofuata viongozi wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya walisema vijana wa Kiislamu watajitolea kuyalinda makanisa.

Kisha tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa ni vijana Wakristo waliokuwa wamekusanyika kusali alfajiri. Hapakuwa na mchungaji wala padre kati yao anayelipwa kwa kazi hiyo; walikuwa wanafunzi waliojiamsha mapema. Jumapili ile ya Pasaka waumini walikuja katika Kanisa Kuu, askari wenye bunduki wakalinda nje, na Misa ikafanyika.

Baada ya hapo walimu wengi kutoka bara walikataa kurudi. Mwaka 1963 watu waliogopa kwenda Kaskazini Mashariki; mwaka 2015 waliogopa tena, na mwaka 2018 tena, walimu walipouawa huko Qarsa, Wajir. Tume ya kuajiri walimu iliwahamisha wengi. Magazeti yaliandika juu ya madarasa yasiyo na mwalimu wa hesabu, na ni haki yaandike, kwa maana watoto wa Kisomali ndio walioumia. Lakini mwalimu akiondoka mahali kama pale, huondoka pia msomaji wa Jumapili, na katekista wa watoto, na sauti ya tena. Hatuna neno la kumlaumu mtu aliyepanda basi kurudi kwa watoto wake. Sisi tulio huku, tunaoimba milango ikiwa wazi, hatuwezi kumhukumu.

Tuliacha kueleza Annalena alikwenda wapi. Alikwenda Somalia, akauguza wagonjwa katika miaka ya njaa na vita, na tangu 1996 alikaa Borama, katika Somaliland, akiwa na hospitali ya kifua kikuu. Huko hapakuwa na parokia, wala kwaya, wala Mkristo mwenziwe wa kusali naye. Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen kwa utumishi wake kwa wakimbizi, na tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo aliuawa kwa risasi katika uwanja wa hospitali yake. Katika miaka yake ya Borama, mara mbili kwa mwaka, karibu na Krismasi na karibu na Pasaka, Askofu wa Djibouti alisafiri kwenda kwake, naye akasoma Misa pamoja naye, kwa ajili yake peke yake.