MB 20 zilikuwa utajiri: Enzi zile mwenye Amiga alichagua kati ya CD na diski ngumu

Wimbo mmoja wa MP3 wa dakika 5 unakula kama MB 5 za simu yako. Sasa kaa mkao wa kula: mwaka 1981 kampuni ya Apple ilitoa diski ngumu inaitwa ProFile, ukubwa wake MB 5, bei dola 3,499. Yaani hela yote hiyo kwa nafasi ya wimbo mmoja tu.

Ndiyo maana miaka ile watu wengi wenye kompyuta nyumbani hawakuwa na diski ngumu kabisa. Wengi walianza na kaseti, hizi hizi za muziki. Mwenye Commodore 64, mashine iliyotoka 1982, alikuwa anaweka kaseti ya gemu, anabonyeza play, halafu anasubiri. Gemu nyingine zilichukua zaidi ya dakika 10 mpaka zifunguke, na mkanda ukijikunja katikati unaanza upya. Baadaye flopi zikatamba. Zilikuwa na spidi kuliko kaseti, ila nazo nafasi yake ilikuwa ya kubanana.

Mwaka 1987 Commodore wakaleta Amiga 500, na hapa ndipo stori yenyewe ilipo. Vijana wa Ulaya, hasa Uingereza na Ujerumani, waliipenda kufa. Ilikuwa na chaneli 4 za sauti, na zilikuwepo programu za kutengenezea muziki ambazo kijana asiye na hela ya studio aliweza kuzitumia chumbani kwao. Anakata sampo ya ngoma, anaipanga, anairudia, biti imetoka. Sehemu ya muziki wa jungle uliolipuka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 90 ilipikwa hivyo hivyo, na maprodyuza wa vyumbani.

Tatizo lilikuwa moja: kazi yote inakaa kwenye flopi ya KB 880. Flopi ikiingia vumbi, ikipata unyevu au ikilala karibu na sumaku ya spika, biti ya wiki tatu imekwenda na maji. Hakuna cha kurudisha kama hukutoa kopi.

Wapenda gemu nao walikuwa na msalaba wao. Gemu ya Monkey Island 2 kwenye Amiga ilikuja na flopi 11. Unacheza kidogo, mashine inakuambia weka flopi nyingine. Unaweka, unatembea hatua mbili, inataka nyingine tena. Mkono hautulii.

Dawa zilikuja mbili. Ya kwanza ni A590 ya mwaka 1989, diski ngumu ya MB 20. Ya pili ni A570 ya mwaka 1992, kifaa cha kusomea CD. Sasa vituko: zote mbili zilichomekwa sehemu moja, kwenye tundu la upande wa kushoto wa Amiga 500. Mafundi walikuwa na njia zao za kuzunguka, lakini kwa mtu wa kawaida ilikuwa chagua moja.

Kwa hesabu za haraka CD inashinda bila jasho. CD moja inabeba kama MB 650, A590 ina MB 20. Hiyo ni zaidi ya mara 30. Tayari mwaka 1985 Marekani ensaiklopidia nzima ya Grolier ilikuwa imeingizwa kwenye CD moja, maandishi ya vitabu zaidi ya 20, na nafasi ikabaki. Wakati huo huo flopi 11 za Monkey Island 2 zikijaa ni karibu MB 10, nusu ya A590 imeisha kwa gemu moja.

Lakini CD ile ilikuwa ya kusoma tu. Huwezi kuweka biti yako, barua yako wala picha uliyochora. Unanunua kilichowekwa na kampuni, unaangalia, basi. Diski ngumu ilikuwa ndogo, na Amiga za mwanzo zenye Kickstart 1.2 zilidai flopi ndiyo ziwake hata kama diski ngumu ipo. Ila ukishamaliza biti, unaihifadhi na kesho unaikuta.

Kwa hiyo swali halikuwa nani ana nafasi kubwa. Swali lilikuwa unataka kusikiliza ya watu au kutunza ya kwako?

A570 ilichelewa. Ilipofika, Amiga 500 yenyewe ilikuwa inatoka sokoni, na mashine mpya ya A1200 ya mwaka huo huo 1992 ilikuwa na nafasi ya diski ngumu ndani yake. Aprili 1994 Commodore ikafilisika. Kwenye kompyuta nyingine zilizofuata vyote viwili vikakaa pamoja, diski ngumu ndani na CD pembeni. Baadaye zikashuka bei mashine za kuchoma CD, na hapo ndipo CD ikageuka kuwa ya mtu wa kawaida. Aliyekulia Dar miaka ya 2000 anazikumbuka CD za kuchoma zilizoandikwa kwa maka peni.

Leo nyimbo mamilioni zipo kwenye app, unalipia kwa mwezi na unasikiliza mpaka uchoke. Usipolipa, zimefungwa. Hiyo ni CD ya 1992 imerudi, tofauti ni ukubwa. Na yule dogo anayetengeneza biti kwenye laptop ya kuazima, kazi zake zote zipo kwenye flashi moja mfukoni, bado anaishi kama kijana wa Amiga na flopi yake. Kama ni rafiki yako, mwambie atoe kopi ya pili leo.