Yai la Mgeni Kiotani

Historia, msomaji, si habari za wafalme na vita peke yake. Viumbe wasiojua kuandika nao wana mambo yao ya kale, na mara nyingi mambo hayo yamefungamana na yetu kwa namna tusiyoitambua mpaka hasara imekwisha kutokea. Katika insha hii nataka tulitazame jambo moja la namna hiyo, nalo ni desturi ya ndege fulani kutaga mayai katika viota vya wenzao na kuwaachia kazi yote ya ulezi. Tutauliza kama desturi hiyo yaweza kuangamiza kabila zima la ndege. Na ikiwa yaweza, ni nani hasa apasaye kulaumiwa.

Tuanzie karibu. Upande wa mashariki wa jiji la Nairobi uko mtaa wa Donholm. Zamani nchi hiyo ilikuwa ukingo wa mbuga za majani ambamo Wamasai walichunga mifugo yao. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, walowezi wakafuata, na mahali hapo pakawa shamba la ng'ombe la Mskoti mmoja, James Kerr Watson. Shamba liliitwa Doonholm, na barabara iliyokwenda huko ikaitwa kwa jina hilo hilo, mpaka baada ya Uhuru ilipopewa jina la Jogoo. Miaka ikapita, shamba likagawanywa, na hasa tangu miaka ya 1980 majumba yakaota mahali pa majani. Hata hivyo ndege hawakuhama wote. Katika miti iliyosalia nyuani na kandokando ya Mto Ngong, minana wa manjano wangali wakisuka viota vyao. Na majira ya mvua yanapowadia, mtu mwenye sikio zuri aweza kusikia Nairobi sauti ya ndege mwingine, kekeo mdogo mwenye mgongo wa kijani kinachometameta na macho mekundu.

Kekeo huyu hana kiota, wala hajui kujenga. Jike hungoja mpaka mnana ametoka, kisha huingia upesi, huondoa yai moja la mwenye nyumba, na kuweka lake mahali pake. Yai hilo hufanana sana na yale yaliyomo. Huanguliwa mapema, na kinda la kekeo, likiwa bado uchi na halijafumbua macho, hujitia chini ya mayai au makinda ya mnana, huyabeba mgongoni na kuyasukuma nje moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo wazazi wa kiota hicho humlisha mwana asiye wao mpaka aruke aende zake, na katika kiota hicho hawapati mtoto wao hata mmoja.

Watu wamelijua jambo hili tangu kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, aliliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Lakini mambo mengine ya ndege hawa yalichelewa mno kufahamika. Chukua habari ya mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Mwishoni mwa karne ya 16 mmisionari Mreno, João dos Santos, alikaa Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa kusini ya mwambao wa Waswahili. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1609 alieleza jinsi ndege mdogo alivyoingia kanisani kula nta ya mishumaa, na jinsi alivyowaita watu penye nyuki. Lakini hakujua kwamba mlembe naye hutaga katika viota vya wengine. Mwaka 2011 ndipo wataalamu waliokuwa Zambia walipotangaza picha zilizoonyesha dhahiri kinda la mlembe likiwaua wenzake gizani mwa kiota kwa ncha kali zilizo kwenye mdomo wake. Kuhusu kekeo wa Ulaya, mtu wa kwanza kueleza vizuri jinsi kinda linavyowasukuma wenzake nje alikuwa daktari Mwingereza, Edward Jenner, mwaka 1788. Huyu ndiye yule aliyekuja kupata sifa kwa chanjo ya ndui. Wengi hawakumsadiki.

Baada yao alikuja Mmarekani aliyeitwa Herbert Friedmann. Yeye aliichunguza desturi hii katika mabara mawili. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya ndege wa Marekani tutakaowaona punde. Kisha akaandika vitabu vikubwa juu ya kekeo wa Afrika, juu ya walembe, na mwaka 1960 juu ya fumbwe na jamaa zao, wale madume wenye mikia mirefu wanaorukaruka juu ya majani wakati wa mvua. Kazi yake yatufundisha kuwatazama kekeo wetu na ndege wale wa Marekani pamoja, na tukifanya hivyo twaona tofauti kubwa.

Tofauti yenyewe ni hii. Mnana wa Afrika ameishi na kekeo kwa muda mrefu usiohesabika, na hakukaa bure. Mayai ya mnana mmoja hufanana yote, lakini hayafanani na ya jirani yake: huyu hutaga ya buluu, yule meupe, mwingine yenye madoa. Hivyo kila jike ana alama yake, na yai la mgeni likitofautiana na yake hulitupa nje. Je, ni kweli kwamba kekeo ndiye aliyesababisha hayo? Ushahidi upo. Zaidi ya miaka 200 iliyopita minana wa Afrika walipelekwa kisiwa cha Hispaniola, katika bahari ya Karibi, ambako kekeo huyu hayuko. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba huko mayai ya majike mbalimbali yameanza kufanana, na mayai ya jike mmoja hayalingani tena kama zamani. Adui alipoondoka, ngao ikaanza kuoza. Basi hapa kwetu mwizi na mwenye mali wamejuana. Kila mmoja ana hila zake, na hakuna aliyemmaliza mwenzake.

Sasa tuvuke bahari mpaka Marekani. Huko yuko ndege mweusi mwenye kichwa cha rangi ya kahawia, ambaye jina lake lamaanisha ndege wa ng'ombe. Usimchanganye na yangeyange wetu mweupe, ingawa wote wawili hufuata mifugo na kula wadudu wanaofurushwa na kwato. Zamani ndege huyu aliishi katika mbuga kubwa za katikati ya nchi ile, akiandamana na makundi ya nyati wa huko waliohesabika kwa mamilioni. Hakukaa mahali pamoja, bali alitaga katika viota alivyovikuta njiani, na jike mmoja aweza kutaga hata mayai 40 katika msimu mmoja. Ndege wa mbugani walikuwa wamemzoea. Wale wa misituni hawakumjua kabisa, kwani msitu ulikuwa ukuta asioweza kuupita.

Ukuta huo ulibomolewa na binadamu. Katika karne za 18 na 19 wahamiaji kutoka Ulaya walikata misitu ya mashariki, wakalima, wakaleta ng'ombe; na mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamewaua nyati karibu wote. Ndege wa ng'ombe akawafuata wenyeji wake wapya. Mwishoni mwa karne hiyo alikuwa amefika kaskazini ya jimbo la Michigan, na huko akamkuta ndege mdogo mwimbaji, mwenye kifua cha manjano, aitwaye kwa jina la daktari Jared Kirtland. Ndege huyu hujenga kiota chake chini, penye misonobari michanga tu. Hakuwa na alama juu ya mayai yake wala desturi ya kumtoa mgeni. Kinda la ndege wa ng'ombe haliwasukumi wenzake nje, bali hukua upesi na kula chakula chote, nao hufa kwa njaa.

Hesabu zasema wazi. Mwaka 1961 madume 502 walisikika wakiimba. Mwaka 1971 walikuwa 201 tu, na katika kila viota 10, takriban 7 vilikuwa na yai la mgeni. Mwaka 1972 serikali ilianza kuwanasa ndege wa ng'ombe kwa mitego mikubwa. Mayai ya wageni yakawa haba, na kuangamia kukazuiwa. Lakini sasa angalia vizuri, msomaji: ndege wa Kirtland hawakuongezeka. Mwaka 1987 walikuwa madume 167, sawasawa na mwaka 1974. Sababu ni kwamba moto wa porini, ambao zamani uliichoma misonobari mizee na kuotesha michanga, ulikuwa umezuiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1980 moto mmoja uliponyoka na kuteketeza eneo kubwa. Miti michanga ilipoota hapo, na mingine ikapandwa kwa mikono, ndipo ndege walipozidi. Mwaka 2015 madume walipita 2,300, na mwaka 2019 jina lao likafutwa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Turudi nyumbani na fundisho hilo. Kenya nayo ina ndege wanaokaribia kutoweka. Mnana wa Clarke hapatikani mahali pengine duniani ila katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha, Kaunti ya Kilifi, na mahali anapojenga viota palikuja kugunduliwa mwaka 2013, katika kinamasi kimoja cha Dakatcha. Adui wake mkubwa si kekeo. Ni shoka, ni tanuri la makaa, ni shamba jipya linalofyekwa msituni. Ukiwaua kekeo wote wa Kenya, mnana wa Clarke hatapata hata mti mmoja wa kutua.

Basi swali letu limepata jibu lake. Ndege anayetaga kwa wenzake aweza kweli kuangamiza kabila la ndege wengine, na mtego waweza kuhitajika, kama ulivyohitajika Michigan. Lakini hupata nguvu hiyo pale ambapo watu wameigeuza nchi ghafula, wakamfungulia njia isiyokuwapo na kuwapunguzia wengine makao yao. Kumlaumu yeye peke yake ni kumshika mwizi na kumsahau aliyeacha mlango wazi.

Nawe, kijana unayesoma haya Donholm au mahali pengine popote, usiubomoe mti wenye viota kwa kuwa tu wachafua ua, wala usimpige jiwe kekeo kwa sababu umeambiwa ni mlaghai. Wawili hao walikuwako kabla ya shamba la Doonholm na kabla ya reli, nao wanajua namna ya kuishi pamoja. Wanachokitaka kwetu ni kidogo: miti ya kutosha, majani kidogo kando ya mto, na maji yasiyo na sumu. Tukiwaachia hayo, hesabu yao wataimaliza wenyewe.