Uso Usiotabasamu: Buster Keaton na Picha za Kimya

Kabla picha za sinema hazijapewa sauti, wachekeshaji wa Marekani walikuwa na chombo kimoja kikubwa cha kusemea, nacho ni mwili. Mtu alianguka, alipigwa, alikimbizwa, akagongana na milango, na watazamaji wakacheka. Wapo waliouhesabu ustadi huu kuwa upuuzi wa kupumbaza watoto. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na kazi ya Buster Keaton yatosha kuitengua.

Keaton alizaliwa Kansas mwaka 1895, mwana wa wachezaji wa jukwaani waliosafiri mji hadi mji. Angali mdogo alitiwa katika mchezo wa wazazi wake, na kazi yake ilikuwa kurushwa huku na huku na babaye mbele ya watu. Huko alijifunza kuanguka bila kuvunjika. Alijifunza pia kwamba akitabasamu baada ya kuanguka, kicheko cha watu hupungua. Akikaza uso kama kadhi, ukumbi mzima huangua kicheko. Mwaka 1917 aliingia katika sinema pamoja na Roscoe Arbuckle, na uso ule hakuuacha nyuma.

Sifa yake kubwa ni uaminifu kwa jicho la mtazamaji. Kamera yake ilipenda kusimama mbali, ikamwonyesha mtu mzima toka utosini hadi wayoni, wala haikugeuzwa pembeni hatari ilipofika. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, tufani inaupiga mji, na ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia. Anasalimika kwa kuwa amesimama mahali ambapo dirisha lililo wazi linampitia. Ukuta ule ulikuwa mzito kweli kweli, na nafasi iliyobaki baina ya mwili wake na mbao za dirisha ilikuwa ya inchi chache. Kipimo kingalikosewa, asingalicheka mtu.

Si kila mara alitoka salama. Katika Sherlock Jr. ya mwaka 1924, maji ya tangi la reli yalimbwaga chini, shingo ikapiga chuma cha reli. Aliumwa kichwa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika na kuunga wenyewe. Harold Lloyd naye alipoteza vidole viwili mwaka 1919, bomu lililodhaniwa la mchezo lilipomlipukia mkononi.

Mwaka 1926, Oregon, kwa ajili ya The General, Keaton aliamuru gari moshi la kweli lipite juu ya daraja linaloungua. Daraja likavunjika, gari likatumbukia mtoni. Tendo hilo halikuweza kurudiwa. Wahakiki wengi wa siku zile hawakuipenda picha hiyo, na mapato yake yaliwavunja moyo waliotoa fedha. Mwaka 1928 aliingia mkataba na kampuni ya MGM, jambo ambalo mwenyewe alilihesabu baadaye kuwa kosa kubwa la maisha yake.

Husemwa mara nyingi kwamba sauti ndiyo iliyomwangusha. Hoja hiyo haina nguvu. Keaton alikulia jukwaani, na kusema mbele ya watu hakukuwa kugeni kwake. Kilichomdhuru ni kunyang'anywa amri ya kazi yake: aliyezoea kubuni tukio papo hapo, pamoja na rafiki zake, sasa alikabidhiwa maneno yaliyokwisha andikwa na wengine. Picha hizo ziliingiza fedha, lakini yeye hakuonekana ndani yake. Ulevi ukamzidi, na mwaka 1933 akafukuzwa.

Lile gari moshi lilikaa mtoni, watu wakienda kulitazama, hata wakati wa Vita Kuu ya Pili, lilipoopolewa kwa ajili ya chuma chake. Keaton alifariki mwaka 1966. Mwaka 1989 The General iliwekwa miongoni mwa picha za kwanza zilizochaguliwa na taifa la Marekani kuhifadhiwa.