Jirani wa Juu Anakunyima Usingizi? Soma Hii Kabla Umwage Doo Kwa Siling

Wasee wa bedsita na mafleti, hii ni yenu. Ni saa saba usiku, kesho uko na shifti ya mangware, na huyo msee wa juu ndo ameamua kupanga makochi upya. Mara viatu, ko ko ko. Mara mtoi anakimbia kutoka jikoni hadi dirishani na kurudi. Inanyamaza kidogo, usingizi unaanza kukushika, alafu woofa inawashwa.

Mabeshte watakushow ubandike trei za mayai kwa siling. Mwingine atakuambia ununue zile sponji nyeusi za studio, upige gundi, usahau. Zii. Shikilia hiyo doo kwanza, juu ukielewa venye kelele hutembea utaokoa chapaa, na kuna mahali hapo chini utaona ni hadi maisha.

Kelele hukuja kwa njia mbili. Kuna ile inasafiri kwa hewa: mtu akiongea, TV, mbwa, matatu ikipiga honi. Alafu kuna ile inaanza na kitu kugonga nyumba yenyewe: kisigino, kiti kikiburutwa, kinu cha kuponda saumu, mpira wa mtoi. Hii ya pili haingoji hewa. Inaingia kwa zege moja kwa moja, zege inatetemeka, na siling yako inageuka spika.

Cheki hesabu. Slabu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Sauti ya mtu kusukuma uzito kama huo ni kazi bure, na ndo maana mara mingi huskii jirani wa juu akipiga stori lakini unajua kila saa ameenda choo. Kisigino nacho hakihitaji kusukuma hewa, kinagonga slabu yenyewe. Sasa wewe unabandika trei ya mayai, karatasi ya gramu chache, chini ya kilo 360 zinazotetemeka. Unaona hiyo ni kujidanganya.

Sponji ya studio iko na kazi yake, lakini si hii. Inapunguza mwangwi ndani ya chumba, ndo sauti ya kurekodi itoke safi. Kuzuia kelele kupita kutoka keja moja hadi ingine haiwezi, juu ni nyepesi na imejaa matundu ya hewa. Na hapa ndo mambo inakuwa serious. Sponji ya kawaida, ya familia moja na ile ya godoro, ikishika moto inawaka kwa kasi na moshi wake ni sumu. Januari 2013 huko Santa Maria, Brazil, klabu ya Kiss ilishika moto baada ya fataki za jukwaani kugusa sponji ya kuzuia sauti iliyokuwa kwa siling. Watu 242 walikufa, wengi wao wanafunzi wa chuo, na wengi kwa huo moshi. Miaka kumi kabla, Februari 2003, klabu ya The Station kule Rhode Island, Marekani, ilikuwa imeungua kwa njia hiyo hiyo na kuua watu 100. Sasa imagine hiyo sponji juu ya kitanda chako, kwa bedsita yenye mlango mmoja, mtungi wa gesi ukiwa mita mbili kutoka kwa mto. Hapana, buda.

Kabla utumie hata soo moja, fanya upelelezi wa usiku mmoja. Zima kila kitu, lala, skiza. Ni mtetemo wa chini, dum dum, ama ni maneno unaweza kuyafuata? Weka kiganja kwa ukuta, alafu bandika sikio. Kama ukuta nao unavuma, jua kelele inashuka kwa kuta pia, na hata ukijenga siling ya dhahabu nusu ya shida itabaki. Kama unaskia maneno wazi wazi, usilaumu slabu. Yanapita dirishani, kwa tundu la paipu ya maji taka, ama kwa ile vent ya bafu mnayoshea na nyumba za juu na chini.

Ikiwa ni visigino na viti, dawa iko kwa sakafu ya juu, si kwa siling yako. Kitu laini kikikaa kati ya kiatu na zege, kile kishindo hakizaliwi hata. Kapeti nzito yenye sponji ama mpira chini yake inafanya kazi ambayo wewe chini huwezi fanya hata ukiwa na fundi wa milioni. Na sakafu za mafleti mingi ya Nairobi ni tailsi ama simiti tupu, kwa hivyo hakuna kitu inapunguza.

Najua, sasa lazima uongee na jirani. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanagonga siling na fagio saa nane usiku, ama wanamwagia keateka maneno, na vita inaanza. Enda Jumamosi saa nne asubuhi, ukiwa umetulia. Ukimpata mama wa watu, mwite Mama Junior ama jina lolote la mtoto wake, msalimie vizuri. Mwambie: "Mama Junior, hii nyumba imejengwa vibaya, kila kitu ya juu naskia chini. Si makosa yenu. Tunaweza saidiana aje?" Umeona? Umelaumu nyumba. Na ni ukweli, juu hata wewe huyo wa chini yako anaskia mambo yako, hajakuambia tu.

Alafu omba vitu ndogo. Mipira kwa miguu ya viti na meza. Fundi wa akala anaweza kukukatia vipande vya tairi kwa bei ya chapo madondo. Woofa itoke chini kwa sakafu ikae juu ya kipande cha godoro zee, juu besi ikigusa slabu inatembea jengo mzima. Slipasi za ndani. Kapeti ya mtumba, Gikomba ziko kibao, hata nzee mradi iwe nzito. Ukiweza, jitolee kuchanga nusu. Utaona ni uchungu kununulia mtu kapeti, lakini linganisha na kuhama: depo mpya, pikap ya kubeba vitu, na huko unaenda hujui nani anaishi juu.

Jirani akikataa kabisa, ama nyumba ni yako na uko na ganji, hapo ndo siling inaingia kwa stori. Lakini ijengwe venye inafaa. Kupiga skrubu bodi ya jipsamu moja kwa moja chini ya slabu ni kazi bure, juu bodi ya milimita 12.5 ina uzito wa kilo kama 8 hadi 10 kwa mita ya mraba, na imeshikana na kitu inayotetemeka, so itatetemeka pia. Siri ni kuitenganisha. Fremu ya chuma inaning'inizwa kwa vishikio vya mpira ama springi, si kwa waya mgumu. Ile nafasi ya juu inajazwa pamba ya mawe, mafundi wanaiita rokwul. Alafu tabaka mbili za jipsamu, maungio ya ya pili yasikae chini ya maungio ya kwanza, na ukingo wote uzibwe na silikoni ya kunyumbuka, bodi isiguse ukuta popote. Ukitoboa hiyo siling kuweka taa kumi za kuzama ndani, umefungua madirisha kumi.

Siling kama hiyo inakula sentimita 10 hadi 15 za urefu wa chumba. Inapunguza, haimalizi. Fundi akikuahidi kimya cha kaburi, tafuta mwingine. Na ukiwa mpangaji, usitoboe kitu kabla landlodi aandike amekubali. Maneno ya mdomo hayarudishi depo.

Sasa wale wa florii ya mwisho na wale wa ploti za mabati, nyinyi ndo siling inawafaa kuliko wote, na ni rahisi zaidi. Shida yenu si visigino, ni mvua na jirani wa ukuta. Panda ngazi, fungua kale kamlango ka siling, piga tochi. Mara mingi utapata kuta zimeishia kwa siling bodi, hazijafika kwa mabati. Yaani juu ya vichwa vyenu kuna chumba kimoja kirefu mnashea ploti nzima. Ndo maana unaskia jirani akikoroma kama mko naye kitanda moja. Dawa ni kumaliza huo ukuta hadi kwa mabati, kwa matofali ama hata jipsamu pande mbili na rokwul katikati, kisha kuziba nyufa zote. Ukitandaza rokwul ya sentimita 5 ama zaidi juu ya siling bodi, mvua inapungua makali na joto la saa nane mchana nalo linashuka. Vaa maski, glavu na nguo ya mikono mirefu ukiishika, inawasha vibaya. Na ikiwa paa ni la asbesto, kwa zile esteti za kitambo, usikate na usitoboe. Vumbi lake linaleta kansa.

Kelele ya nje nayo, mambo ni mianya. Chukua ukuta wa mita 3 kwa 3 wenye tundu la sentimita 30 kwa 30, saizi ya vent tu. Hiyo ni asilimia 1 ya ukuta, na hata huo ukuta ungekuwa wa benki kuu, wote pamoja hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Kwa hivyo anza na mlango: mpira wa kuzunguka fremu, kizuizi chini, pazia nzito mbili. Dirisha la vioo vya kufunguka kama vipande halifungi vizuri hata ukilipiga teke.

Lakini skia, vent usizibe kama unapika humo ndani. Jiko la makaa kwa chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu analala asiamke. Hata kwa gesi, hewa lazima iingie. Afadhali matatu ikuamshe.

Kuhusu sheria, iko. Kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinasema ndani ya makazi isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 30 kwa chumba cha kulala, na ujue kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio linaskia kama kelele imekuwa mara mbili. Programu ya simu ya kupima itakupa picha tu, si ushahidi wa kortini. Hizi kanuni zinasaidia sana kwa klabu, kanisa la kesha ama jenereta. Kwa visigino vya jirani, hiyo barua ya NEMA utaisubiri ukiwa umezeeka. Andika tarehe na saa za kelele kwa kitabu, mpelekee landlodi.

Na ya leo usiku? Vuta kitanda kitoke kwa ukuta wa ngazi na wa paipu ya pampu. Washa feni, mvumo wake wa sawa sawa unafunika sauti ndogo ndogo. Vizibo vya sikio vya sponji, kwa hizo sponji hakuna noma: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande mwingine, ingiza, shikilia kama nusu dakika vivimbe. Vikikaa nusu nje havifanyi kitu. Honi na stori za ngazini vitazima. Ule mtetemo wa besi utabaki kidogo, huo ni wa kuongea na Mama Junior Jumamosi.