Kicheko Nyuma ya Masizi

Wahenga walinena: asiyekujua hakuthamini. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila atazamaye vichekesho vilivyotengenezwa Marekani kabla sinema haijapata sauti. Katika picha hizo za watu kuanguka, kukimbizana na kupigana, Mtu Mweusi alionyeshwa mara nyingi kuwa mvivu, mwoga au mwizi wa kuku. Tena aghalabu hakuwa Mweusi hasa, bali Mzungu aliyejipaka masizi usoni.

Hata hivyo, walikuwapo Weusi waliojipenyeza katika uwanja huo. Mwaka 1907 kampuni ya Edison ilitoa sinema fupi, Laughing Gas, ambamo Bertha Regustus aliigiza mwanamke aliyevutishwa hewa ya dawa kwa mganga wa meno. Akatoka akicheka, na kicheko chake kikawaambukiza abiria, polisi, hata watu wa mahakamani. Hapo mtazamaji hakumcheka tu, alicheka pamoja naye.

Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, alikuwa mchekeshaji mashuhuri wa majukwaa ya New York. Mwaka 1913 alikuwa mwigizaji mkuu katika sinema ya kampuni ya Biograph, pamoja na kundi kubwa la waigizaji Weusi. Yeye alijipaka masizi, kwa kuwa ndivyo watazamaji Wazungu walivyozoea kumwona. Lakini wenzake walionekana kwa nyuso zao wenyewe, wamevaa vizuri, wakicheza dansi na kupanda farasi wa mbao wanaozunguka. Naye Williams alimbusu mpenziwe, Odessa Warren Grey, kwa upole na heshima.

Sinema hiyo haikumalizwa. Mwaka 1915 The Birth of a Nation, iliyowatukuza Ku Klux Klan, ilienea nchi nzima. Ile ya Williams ikabaki gizani. Mikanda yake ilihifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa, New York, na umma uliionyeshwa mwaka 2014. Williams alikuwa amefariki tangu mwaka 1922.

Hapo pana fundisho kwa vijana wasomao historia ya sanaa. Williams hakupungukiwa kipaji; alipungukiwa mamlaka juu ya kazi yake. Aliweza kuigiza utu wa watu wake, asiweze kuamua uonekane. William Foster wa Chicago alilitambua hilo katika miaka hiyohiyo, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya vichekesho vya waigizaji Weusi. Mwenye kioo ndiye achaguaye sura itakayoonekana.