Kijazio: Pumba za Mpunga Ndani ya Plastiki

Kijazio ni chembechembe au unga unaochanganywa na plastiki ili kuchukua nafasi ya sehemu ya plastiki hiyo na kuibadili tabia. Neno limetokana na kitenzi jaza, kwa umbo lile lile la kifutio. Lisichanganywe na ujazo, ambao ni kipimo cha nafasi. Kinachopatikana baada ya kuchanganya tukiite plastiki mseto.

Jambo lenyewe si geni. Bakelite, plastiki aliyoitangaza Leo Baekeland nchini Marekani mwaka 1909, ilitiwa unga wa mbao ili isivunjike ovyo. Siku hizi hutumika sana unga wa mawe ya chokaa, lakini mabaki ya shambani nayo yanaiweza kazi hiyo: magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi na hasa pumba za mpunga. Pumba ni karibu moja ya tano ya uzito wa mpunga, hivyo kila kilo 100 zinazokobolewa Mbarali, Tanzania, au Mwea, Kenya, huacha takriban kilo 20. Kwa kuwa zina madini mengi ya silika, huoza polepole na kurundikana mashineni.

Pumba hukaushwa, husagwa, kisha huchanganywa na plastiki iitwayo polipropilini iliyoyeyuka, na mchanganyiko huo hufanywa ubao. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, na pumba huanza kuungua zikikaribia 200. Ndiyo maana plastiki ya chupa za maji, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi, haifai. Unyevu ukibaki, mvuke huacha matundu ndani ya ubao. Tena pumba hunyonya maji ilhali plastiki huyakataa, kwa hiyo huhitajika kiunganishi cha kuzishikamanisha.

Ubao unaotoka hapo haupindi kirahisi, lakini hupasuka upesi ukigongwa. Hapa ndipo kijazio kinapotofautiana na kiimarishi. Nyuzi ndefu za katani hubeba mzigo ndani ya plastiki, kwa hiyo ni kiimarishi. Unga wa pumba ni kijazio.

Anayenadi plastiki yenye pumba kuwa itaoza yote shambani anawapotosha wanunuzi. Kijazio hupunguza kiasi cha plastiki mpya kinachohitajika. Polipropilini iliyomo hubaki polipropilini. Watengenezaji na waandike hivyo waziwazi kwenye bidhaa zao.