FAHAMU: Njia ya misaada vitani ni nini, na kwa nini iliombwa Magogoni?

Ukivuka na pantoni kutoka Kigamboni unashukia Magogoni, jirani kabisa na Ikulu. Hapo Ikulu, Februari 8, 2025, wakuu wa nchi za EAC na SADC walikaa kikao cha pamoja kuhusu vita ya mashariki mwa Kongo.

Siku chache kabla, mwishoni mwa Januari, waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Goma.

Waliazimia nini?

Mapigano yasitishwe mara moja. Uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Barabara kuu zifunguliwe, ikiwemo ya Goma–Sake–Bukavu, na usafiri urudi Ziwa Kivu kati ya Goma na Bukavu.

Hizo ndizo njia za misaada: anga, barabara au maji ambayo pande zinazopigana zimekubali yapitishe chakula, dawa na majeruhi bila kushambuliwa.

Sheria inasemaje?

Mikataba ya Geneva ya 1949 ina Kifungu cha 3, kinachohusu vita vya ndani ya nchi. Asiyepigana hauawi, hateswi wala hashikwi mateka. Majeruhi atibiwe, hata kama ni wa upande wa adui. Shirika lisilofungamana na upande wowote, kama Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC), linaruhusiwa kujitolea kusaidia.

Itifaki ya Pili ya 1977 inakataza kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita.

Nani anafungua njia?

Mashirika ya misaada hayana bunduki. Yanaongea na kila mwenye nayo, serikali na waasi. Kuongea nao siyo kuwaunga mkono. Bila ruhusa yao, lori halipiti kizuizi.

Ndiyo maana tamko la marais lina uzito, ila peke yake halitoshi. Wiki moja tu baada ya kikao, Bukavu nayo ilitekwa. Hadi mkutano wa Paris wa Oktoba 30, 2025, suala la kufungua uwanja wa Goma kwa ndege za misaada lilikuwa bado mezani.

Inatuhusu vipi?

Njia zikifungwa, watu hukimbia. Kwa miaka mingi Wakongo wamevuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili yao. Aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima, pengine mwenye watoto wake.

Ukisoma habari kuwa "njia imefunguliwa"

Uliza mambo matatu: Nani ameiruhusu? Inapita wapi? Itadumu hadi lini? Likikosekana jibu moja, ujue mgonjwa anayesubiri dawa bado anasubiri.